Kabla ya Kununua Kipozeo Kipya cha Kadi ya Grafiki
Hapa Tanga, ambako upepo wa bahari huingia ndani ya nyumba pamoja na chumvi yake, usishangae feni ya kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha za skrini, ikichoka kabla ya chipu yenyewe. Ukiamua kubadilisha kipozeo kizima, yaani feni pamoja na chuma chake cha kuondoa joto, usitegemee jina la kadi peke yake, kwa sababu kadi zenye chipu ya aina moja hutengenezwa na viwanda mbalimbali na mbao zake za saketi huweza kutofautiana. Fungua kile cha zamani, kisha pima kwa rula, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, nafasi ya skrubu zinazoizunguka chipu, maana milimita chache tu zinatosha kukizuia kipya kisikae. Pima na unene, kwani nafasi moja ya kadi ndani ya kompyuta ina upana wa milimita 20.32. Jambo ambalo ningeomba lisisahauliwe kabisa ni chipu za kumbukumbu na sehemu za kurekebisha umeme, ambazo nazo hupata moto na huenda zikahitaji vipande vyake vya alumini au shaba vya kuondoa joto. Kama feni pekee ndiyo iliyokwama, nunua feni tu, yenye volti na plagi ileile.