Kusakinisha Upya Mfumo Endeshi kwenye Kompyuta ya Zamani

Kompyuta yenye umri wa miaka kumi na zaidi inapoanza kukwamakwama, wengi huamua kufuta kila kitu na kusakinisha mfumo endeshi upya. Mara nyingi mfumo husingiziwa tu, kwani mkosaji ni diski iliyochoka, na mfumo mpya ukiwekwa juu yake utakwama vilevile baada ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutafuta flashi ya kusakinishia, ikague diski.

Karibu kila diski iliyotengenezwa katika miaka ishirini iliyopita hujiwekea kumbukumbu za afya yake zinazoitwa SMART, nazo husomwa kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows au kwa amri ya smartctl kwenye Linux. Usihangaike na orodha nzima. Tazama na uandike namba za vipengele viwili: kipengele cha 5, kinachohesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) mbovu ambazo diski imekwisha kuzibadilisha kwa sekta za akiba, na kipengele cha 197, kinachohesabu sekta zilizoshindwa kusomeka na ambazo bado zinasubiri uamuzi. Idadi ndogo isiyoongezeka katika kipengele cha 5 inavumilika, lakini namba hizi zikipanda siku hadi siku, diski hiyo haifai kubeba mfumo. Kipengele cha 199 kina habari tofauti: kikipanda, mara nyingi mbovu ni waya wa SATA, unaounganisha diski na ubao mama, na kuubadilisha ni nafuu kuliko kununua diski.

Nakili mafaili yako kwenye diski nyingine, kisha ujaribu kuyafungua huko ili uhakikishe kuwa yamefika salama. Ikiwa diski tayari inasuasua, usiisumbue kwa kufungua folda moja baada ya nyingine. Tumia ddrescue, programu ya Linux ya kuokoa data, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri na kuziachia mwisho zile zenye taabu.

Katika kuchagua mfumo, umri wa mashine ndio unaoamua, wala si matamanio ya mwenye mashine. Windows 11 hudai UEFI (programu ya kisasa ya kuwashia mashine, iliyochukua nafasi ya BIOS), TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, masharti ambayo kompyuta nyingi za kabla ya 2017 haziyatimizi. Microsoft nayo ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ziko njia za kuyakwepa masharti hayo, ila mimi siipendekezi njia hiyo kwa mashine inayotegemewa kila siku, kwa kuwa hakuna anayekuhakikishia kwamba masasisho yataendelea kuja. Linux yenye eneokazi (mwonekano wa skrini na menyu zake) jepesi kama Xfce au LXQt huipa mashine ya namna hiyo uhai mpya, ingawa yafaa kukumbuka kwamba kivinjari cha leo kinakula RAM ileile juu ya mfumo wowote. Kwa prosesa ya biti 32, Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho katika Debian, mojawapo ya aina za Linux, kuwa na kisakinishi cha prosesa hiyo.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka) na uangalie tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya ubao mama, ambayo kwa kawaida ni CR2032, imekwisha. Tarehe isiyo sahihi hufanya tovuti salama zikatae kufunguka na masasisho yashindwe. Humo humo amua kama diski itatumia hali ya IDE au AHCI, yaani njia ya zamani au ya kisasa ya diski kuwasiliana na mashine. Chagua AHCI ikiwa ipo, isipokuwa unasakinisha Windows XP, ambayo haina draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya AHCI, na baada ya hapo usiiguse tena, kwa maana ukibadilisha hali hiyo Windows ikiwa imekwisha kusakinishwa, inaweza kugoma kuwaka.

Flashi huandaliwa kwa programu kama Rufus, nayo itakuuliza uchague MBR au GPT, yaani jedwali la zamani au la kisasa la kugawa nafasi ya diski. Mashine yenye BIOS ya zamani hutaka MBR, na yenye UEFI hutaka GPT. Kosa linalowasumbua wengi hutokea hapa: kisakinishi cha Windows hukataa diski kikidai kwamba ina jedwali la MBR, na mtu kwa haraka hufuta diski nzima. Huenda hukuhitaji kufuta chochote. Zima kompyuta, ufungue menyu ya kuwashia, kisha uchague jina la flashi lisilotanguliwa na neno UEFI, mradi flashi yenyewe iliandaliwa kwa MBR. Hata hivyo, diski inayozidi TB 2 inahitaji GPT, kwa kuwa MBR kwa kawaida haiwezi kutumia nafasi iliyo juu ya hapo.

Zichomoe diski nyingine zote wakati wa kusakinisha. Pamoja na kuzuia kufuta diski isiyo yenyewe, hatua hii inazuia Windows isiandike faili zake za kuwashia kwenye diski ya pili, jambo ambalo utaligundua siku utakapoitoa diski hiyo na kompyuta ikakataa kuwaka.

Weka mapema draiva ya mtandao kwenye flashi nyingine, kwa sababu bila mtandao huwezi kupakua zilizobaki. Baada ya wiki moja ya matumizi, soma tena vipengele vya 5 na 197 na uvilinganishe na namba ulizoandika mwanzoni. Zikiwa zimepanda, anza kutafuta diski nyingine.