Namna ya kuibana serikali kuhusu ndoa za utotoni, ukianzia ofisi ya kijiji

Usianze kwa kuuliza "mnafanya nini?" Utapewa hotuba. Mimi, mwalimu mstaafu huku Shinyanga, naanza na daftari la mahudhurio: wasichana wangapi walikuwa darasa la sita na hawakufika la saba? Omba idadi tu. Jina la binti lisisomwe mkutanoni kamwe, maana watamsema yeye na kumwacha aliyetoa ng'ombe.

Peleka idadi hiyo mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu. (Hauitishwi? Umeshapata swali la kwanza.) Uliza kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ilikaa lini mara ya mwisho, na iliamua nini. Swali na jibu viingie kwenye muhtasari. Mtendaji atasema, "Tumelipokea, mama." Kupokea si kujibu.

Hapo andika barua: ukurasa mmoja, maswali matatu, ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 30 kujibu. Nenda na nakala ya pili, igongwe muhuri wa mapokezi, urudi nayo. Bila muhuri utaambiwa barua haikufika, hata kama uliiweka mezani kwa mkono wako. Diwani naye apate nakala kabla baraza la madiwani halijakaa.

Mbunge ana swali lake. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019. Miaka ikapita, sheria haikuguswa. Muulize muswada unaingia Bunge lipi. Akisema bado wanakusanya maoni, mkumbushe kwamba mahakama haikuagiza maoni.

Wengine watakujibu kuwa sheria ipo, kuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela. Ni kweli, tangu 2016. Ila hiyo ni ya mwanafunzi. Aliyekwisha kuacha shule je?

Kama harusi ni wiki hii, barua isubiri. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, kisha nenda dawati la jinsia polisi na usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Utaihitaji utakapoandika kuuliza kesi imefikia wapi.