Kabla ya kununua bodi kubwa ya kamera, tazama lenzi zako
Wapiga picha wenzangu wa Kampala mnaowinda kamera ya kitaalamu, hata kama ni ya mtumba: anzeni na lenzi mlizo nazo. Lenzi ya EF-S ya Canon, iliyoundwa kwa kamera za kihisi kidogo (kihisi ni kipande kinachonasa picha), haiingii kwenye bodi ya EF yenye kihisi kamili, kile cha milimita 36 kwa 24. Ya DX ya Nikon, nayo ya kihisi kidogo, inaingia kwenye bodi ya Nikon ya kihisi kamili, ila kwenye bodi kama D850 hutumika sehemu ya katikati tu ya kihisi, na megapikseli 45.7 zinashuka hadi 19 hivi. Mimi nilifika kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) Masaka na bodi mpya, lenzi haishiki! Nikaazima ya mwenzangu, aibu tupu. Jioni hemani, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, husaidia kuliko bodi ghali. Bodi ya mtumba, uliza shata, pazia linalofunguka kila unapopiga picha, imefyatuliwa mara ngapi.