SOMO: Kulala nje na baiskeli usiku mmoja tu, toka Jumamosi rudi Jumapili

Watu wakiniona Jumamosi na baiskeli imefungwa mizigo hivyo huwa wanadhani naenda Mombasa. Naenda Ngong tu, hapo nje kidogo ya Nairobi. Saa nane mchana natoka kwangu Kawangware, saa kumi na moja tenti iko juu, kesho yake saa nne asubuhi nishafika nyumbani na sijaomba ruhusa kazini hata siku moja. Hii kitu imenisaidia sana na naona wengi wanaiogopa bure juu wanafikiria ni mpaka uwe na wiki mzima na vifaa vya bei kali, so leo naandika yote venye mimi hufanya.

Hatua ya 1: chagua karibu

Mara ya kwanza usipite kilomita 30. Baiskeli yenye mzigo si ile ya mazoezi, kilima cha dakika kumi kinakuwa cha ishirini, na hapa kwetu jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, likishazama giza ni hapo hapo. Mimi nataka nifike na saa moja ya mwangaza imebaki ya kusimamisha tenti.

Kuna njia tatu nazipenda. Ngong ndo rahisi, unapita Dagoretti Corner, Karen, unafika mjini Ngong alafu unapanda mpaka lango la msitu. Ya pili ni Tigoni kupitia Ruaka na Banana, ni mlima karibu wote ukienda, lakini Jumapili unateremka kwa mashamba ya majani chai na miguu haina kazi. Ya tatu ni Olorgesailie kwa barabara ya Magadi, pale kwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, iko chini ya Makavazi ya Taifa na kuna mahali pa kupiga kambi. Hiyo iache mpaka ukishazoea. Ukipita Kiserian na Corner Baridi unashuka bondeni raha sana, alafu kesho yake huo mteremko wote unaupanda na jua la bonde mgongoni. Na beba maji yako yote.

Hatua ya 2: piga simu kabla

Usilale mahali hujaruhusiwa, hata kama panaonekana patulivu. Piga simu, uliza kama wanapokea wa tenti, kama kuna askari usiku, kama kuna maji na choo. Ngong usiende kujificha huko juu kwa vilima peke yako, ongea na maaskari wa msitu langoni au utafute kambi yenye ua hapo karibu.

Hatua ya 3: kufunga mzigo

Hapa nataka msome pole pole. Kuna siku nilikuwa nateremka kuingia Kiserian, nimefunga begi la kulalia kwa keria na kamba ya nailoni, kamba ikalegea, mkia wake ukaingia kwa spoki za nyuma. Gurudumu likashika ghafla, nikaburutika kando ya lami na matatu ilikuwa nyuma yangu. Niliumia kiwiko peke yake, nashukuru Mungu, lakini spoki tatu zilikatika.

Tangu siku hiyo natumia blada. Enda kwa fundi wa baiskeli, mwombe tyubu kuukuu, akate vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Blada inavutika, so mzigo ukitikiswa na matuta yenyewe inaendelea kubana, kamba haifanyi hivyo. Zungusha mara tatu ukivuta kwa nguvu, ncha uifiche chini ya mzunguko wa mwisho, isining'inie hata kidogo. Alafu shika mzigo uutikise. Baiskeli ikitikisika yote pamoja na mzigo, sawa. Mzigo ukitikisika peke yake, fungua uanze tena. Vizito viweke chini, na mgongoni usibebe kitu, jasho litakuchosha. Tairi ya nyuma ongeza upepo kidogo.

Hatua ya 4: baridi

Baridi ya usiku haitoki hewani peke yake, inatoka chini. Unaweza kuwa na blanketi mbili juu na ukatetemeka mpaka asubuhi juu mgongo umelalia ardhi. Kama pesa ni ya kitu kimoja, nunua mati ya kulalia kabla ya begi la bei. Ngong kuna upepo, Tigoni mwezi wa saba ni baridi ya kuuma. Beba nguo kavu za kulala peke yake, soksi pia, na ile tisheti ya jasho uivue ukifika tu. Na usifunge tenti kabisa, acha dirisha wazi kidogo, la sivyo pumzi yako inageuka maji na utaamka umelowa.

Hatua ya 5: asubuhi

Chai, kunja, okota taka zako zote, toka kabla jua halijakuwa kali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili: Mimi ni mwanamke na ningependa kwenda peke yangu, ni salama kweli?

Dada, mara ya kwanza nenda na mtu mmoja au wawili, na mlale mahali penye ua na askari. Mwachie mtu wa nyumbani jina la mahali na saa ya kurudi. Ukishapajua na wao wakakujua, hapo utaamua mwenyewe.

Kijana wa Umoja: Niko na Black Mamba ya mzee, zile baiskeli nzito za chuma za zamani, haina gia, itaweza?

Keria yake inabeba kuliko zetu zote. Vilima utasukuma, hakuna shida. Kile kinanitia wasiwasi ni breki zake za vyuma mvua ikinyesha, so kwa mteremko mrefu shuka utembee. Anza na Ngong, Olorgesailie hapana.

Njeri K: Chakula unapika?

Sibebi jiko. Natoka na chapati na ndengu kwa kontena, mayai ya kuchemsha ya asubuhi, na thamosi ya chai. Jiko na sufuria ni kilo mbili za kupandisha mlima kwa mlo mmoja.

Otis: Pancha je?

Beba tyubu mbili, viraka na pampu. Ukishuka upande wa Magadi kuna miiba ya migunga, kaa kwa lami, usitembeze baiskeli kwa nyasi. Na kabla hujaweka tyubu mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi mzunguko mzima, mwiba mara nyingi bado uko hapo umejificha kwa mpira, na ukiuacha utapata pancha ya pili kabla hujafika kilomita moja.