Somo: Kukagua gari la dizeli lililotumika kabla hujalipa

Injini ya dizeli ikishapata moto huficha maradhi mengi. Nozeli (kipuliza dizeli ndani ya silinda) iliyochoka, kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) ndogo na plagi za joto (vipasha moto vya kusaidia kuwaka) zilizokufa vyote huonekana asubuhi injini ikiwa ya baridi, na ndiyo maana muuzaji mjanja hukungojea gari likiwa limeshawashwa. Somo hili limejengwa juu ya jambo hilo moja: kagua ikiwa ya baridi.

Hatua ya 1: Je, matumizi yako yanafaa dizeli?

Piga hesabu hii kwanza. Tuseme gari la petroli linakula lita 10 kwa kilomita 100, na lile la dizeli la ukubwa huohuo lita 7. Ukitembea kilomita 30,000 kwa mwaka unaokoa lita 900. Ukitembea kilomita 6,000 unaokoa lita 180, na fedha ya lita hizo iko mbali sana na bei ya seti ya nozeli mpya. Dizeli ni ya mtu wa safari ndefu, mizigo au kuvuta tela. Kama safari zako ni fupi na gari lina chujio la masizi la ekzosi (DPF), acha kabisa, hata liwe zuri namna gani: chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi, na safari fupi hazilipi moto wa kutosha.

Hatua ya 2: Kabla ya kuwasha

Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari siku hiyo. Ukifika, gusa boneti na mpira wa juu wa rejeta. Vikiwa na joto, panga siku nyingine.

Chomoa kijiti cha oili. Weusi wa oili usikutishe: oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Angalia kiwango na harufu. Oili iliyopita alama ya juu na kunuka dizeli maana yake mafuta yanaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ama kwa nozeli inayovuja, ama kwa sababu DPF imekuwa ikijisafisha na kukatizwa njiani. Oili ya namna hiyo huwa nyepesi na hula beringi za krenki (shafti kuu ya injini) na za tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini).

Fungua maji ya rejeta na uangalie kama kuna utando wa oili juu. Kisha mulika tochi pale nozeli zinapoingia kwenye silinda hedi. Ukiona lami nyeusi ngumu imezunguka nozeli, washa (pete) ya shaba chini yake imeacha kuziba na moshi wa kompresheni unapenya. Washa yenyewe ni rahisi. Kazi ni kuing'oa nozeli iliyogandishwa na lami hiyo, ambayo mara nyingine hukatika au huharibu hedi.

Hatua ya 3: Kuwasha na kusoma moshi

Geuza ufunguo nusu, ngoja taa ya alama ya springi (ya plagi za joto) izimike, halafu piga stata bila kukanyaga mafuta. Injini nzima huwaka ndani ya sekunde mbili tatu. Kwenye mfumo wa komoni-reli, yaani bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, kompyuta hairuhusu nozeli kufungua mpaka presha ya reli ifike kiwango fulani, kwa injini nyingi bari 200 hivi. Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isiwake, huenda nozeli zinarudisha mafuta mengi tangini au pampu imechoka. Mfumo huu ukiwa kazini hufikia bari 1,600 hadi 2,000 na zaidi, na sehemu zake za ndani zimechongwa kwa uwazi mdogo mno, kwa hiyo maji au mchanga kidogo kwenye dizeli vinatosha kuuharibu. Pampu ikianza kutoa chembe za chuma, husambaa kwenye reli, nozeli zote na hata tangi. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwenye gari la dizeli la kisasa.

Mtu mmoja asimame nyuma ya ekzosi:

- Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Filta ya hewa imeziba, mpira wa tabo umepasuka, vali ya EGR (inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) imekwama wazi, au nozeli inamwaga badala ya kupuliza.
- Moshi wa bluu: oili inaungua, kupitia ringi, sili za vali au tabo.
- Moshi mweupe unaowasha macho: dizeli haijaungua. Plagi za joto, nozeli au kompresheni.
- Moshi mweupe usioisha na wenye harufu tamu: maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

Hatua ya 4: Kifuniko cha oili

Injini ikiwa sailensi, yaani bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili ukilaze juu ya tundu kichwa chini. Kikitetemeka tu, sawa. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo kama wa bomba la treni, presha ya silinda inapita kwenye ringi na injini inaelekea kufunguliwa. Baadhi ya injini zina mnyororo au kemshafti chini ya tundu hilo, na kifuniko huruka kwa upepo wake hata kama ringi ni nzima. Kwa hiyo thibitisha kwa kuchomoa kijiti cha oili: moshi ukitoka hapo pia, achana nalo au peleka likapimwe kompresheni silinda moja moja.

Hatua ya 5: Barabarani

Dakika 30 angalau, na uwe na sehemu ya mlima. Weka gia ya nne kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, kanyaga mpaka chini. Gari lianze kuvuta vizuri kuelekea 2,000, bila kusita. Mluzi mwembamba wa tabo ni wa kawaida. Sauti ya king'ora ni beringi ya tabo iliyolika. Nguvu zikikatika ghafla na kurudi ukizima na kuwasha, mara nyingi mapezi ya tabo (vipande vinavyoongoza moshi ndani yake) yamegandishwa na masizi.

Kwenye gia ya juu, mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Ukisimama, sikiliza: mgongano wa chuma unaotulia ukikanyaga klachi huelekeza kwenye flaiwili (gurudumu zito kati ya injini na klachi) ya vipande viwili au beringi ya gia boksi. Flaiwili hiyo hubadilishwa pamoja na klachi, na bei yake hushtua wanunuzi wengi.

Hatua ya 6: Kompyuta

Usiridhike na kusikia "hakuna kodi", yaani namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Kodi hufutwa kwa dakika moja. Mwambie fundi asome umbali uliotembewa tangu zifutwe, marekebisho ya kila nozeli (kiasi cha mafuta kompyuta inachoongeza au kupunguza kwa kila moja), na umbali tangu DPF ijisafishe. Marekebisho yakikaribia sifuri ni vizuri. Nozeli moja ikiachana sana na wenzake ndiyo mgonjwa. DPF inayojisafisha kila baada ya kilomita mia kadhaa iko sawa. Ikijisafisha chini ya kilomita 100, imejaa au kuna hitilafu inayoitia masizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kuna gari mbili. Moja ina kilomita 240,000 na kitabu cha sevisi kimejaa, nyingine 110,000 bila karatasi yoyote. Nichukue ipi?

Jibu: Anza na ya 240,000, kama itapita hatua ya 3 na ya 4. Odometa hurudishwa nyuma. Stakabadhi za oili zenye tarehe na kilomita zinazofuatana ni ngumu kughushi. Uliza hasa mkanda wa taimingi (unaopatanisha vali na pistoni) ulibadilishwa lini. Kwenye dizeli nyingi ukikatika, vali hugongana na pistoni.

Swali: Muuzaji anasema DPF imetolewa ili gari lipumue. Ni faida au hasara?

Jibu: Hasara, ndugu. Pale sheria inapodai chujio hicho, gari halitapita ukaguzi, na moshi wake unaumiza walio nyuma yako. Halafu hujui kompyuta ilichezewa na nani. Kujihakikishia, futa mdomo wa ekzosi kwa kitambaa cheupe: wenye DPF nzima hauachi masizi mazito.

Swali: DPF iliyoziba si inasafishwa tu kwa kukimbiza gari?

Jibu: Masizi ndiyo, kwa sababu yanaungua moshi ukifika nyuzi 600 hivi za selsiasi. Majivu yanayotokana na oili hayaungui. Hayo hubaki mpaka chujio lifunguliwe na kusafishwa kwa mashine, au libadilishwe.

Swali: Moshi mweupe unatoka asubuhi, dakika moja, kisha unaisha. Nikimbie?

Jibu: Ukiyeyuka hewani papo hapo na hauna harufu, ni mvuke wa unyevu wa ekzosi. Ukielea na kuwasha macho huku injini ikitetemeka, pima plagi za joto kwa mita. Plagi nyingi za chuma huonyesha omu moja au pungufu. Isiyosoma kitu imekufa. Hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, haitoshi kukimbia. Zikiwa nzima zote na moshi upo, pima kompresheni.

Swali: Nimeshalipa. Nianze na nini?

Jibu: Oili na filta yake, filta ya dizeli na ya hewa, na umwage maji kwenye kitenganishi cha maji na dizeli. Lenye DPF litumie oili ya majivu machache iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa kawaida ya daraja C la ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya). Filta mpya ya dizeli itolewe hewa kwa pampu ya mkono kabla ya kuwasha, usilazimishe stata. Na ile ya zamani ikate ufungue: ukikuta unga unaometa kama fedha, piga sumaku. Ukinasa au usiponasa, kwani si chuma chote hushikwa na sumaku, pampu ipimwe kabla gari halijaenda safari.