Kukokotoa ufa kwenye bamba la chuma kwa wavu unaojirekebisha

Bamba la beni (sanduku la kubebea mzigo) la lori la madini likipata ufa hapa Lubumbashi, mwenye lori anataka kujua jambo moja: libebe tena au lisimame leo? Code_Aster, programu ya bure yenye maelezo kwa Kifaransa, inasaidia kujibu: inaligawa bamba katika vipande vidogo (elementi) vinavyounda wavu, kisha inakokotoa nguvu ndani yake.

Chukua bamba la upana wa mm 200 na unene wa mm 10, ufa wa mm 40 katikati, likivutwa kwa MPa 100 (megapaskali, kipimo cha mkazo). E, ugumu wa chuma, ni MPa 210 000; kikomo cha mnyumbuko, mkazo ambao chuma kikiupita hakirudi umbo lake, ni MPa 235. Kwanza piga hesabu ya mkono: K, ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa, ni kama 25,7 MPa√m. J, nishati inayosukuma ufa, ndiyo inayolinganishwa na uwezo wa chuma kuustahimili; J = K²/E inatoa 3,15 N/mm. Kwa kanuni ya Irwin, mtaalamu wa nyufa, chuma kilicholegea (kilichopita kikomo cha mnyumbuko) mbele ya ncha kina urefu wa mm 3,8 hivi. Usiwashe kompyuta bila namba hizi.

Chora robo ya bamba, kwa kuwa robo zote nne zinafanana. Kwenye mstari wa ulinganifu unaopita kwenye ufa, funga nodi (kiungo cha wavu) ya ncha na zile zilizo mbele yake tu; za midomo ya ufa ziache huru. Ukizifunga zote, ufa umeufuta, na picha itatoka nzuri kabisa huku ikidanganya. Kosa hili ndilo tunalolikuta mara nyingi.

Anza na elementi za daraja la pili (zenye nodi katikati ya kingo pia), mm 5, na mzigo kwa hatua 10. Kipimo cha makosa kinatazama mkazo unavyoruka kati ya elementi jirani. HOMARD, chombo cha kurekebisha wavu kinachotumika na Code_Aster, inagawa zile zenye kosa kubwa. Raundi 4 zinakufikisha mm 0,3 kwenye ncha, yaani elementi kumi na zaidi ndani ya chuma kilicholegea.

Sasa sehemu ngumu. Chuma kilicholegea kinakumbuka kilikopita. Ukihamisha hali yake kutoka wavu wa zamani kwenda mpya, nguvu hazisawaziki tena na hesabu inaweza kugoma. Kwa bamba dogo kama hili, anza upya kutoka mzigo sifuri kila raundi. Ni dakika chache tu.

Usisubiri mkazo wa kwenye ncha utulie. Fuatilia J kwenye duara kadhaa zinazozunguka ncha, ukiacha la ndani kabisa. Thamani zake zikitofautiana chini ya 2%, na raundi mpya isipoibadilisha J, simama. Tegemea kama 3,5 N/mm, juu kidogo ya hesabu ya mkono, kwa sababu ya kulegea. Ukipata nusu yake, umesahau kuiambia programu kwamba kuna ulinganifu.

Umeme ukikatika katikati, kazi yote inapotea. Igawe vipande, kila kimoja kihifadhi matokeo kabla ya kingine.

J hii ni ya mvuto mmoja usiorudi nyuma. Lori likishusha mzigo na kupakia tena, chuma kilicholegea kinarudishwa kinyume na J inapoteza maana. Ukuaji wa ufa safari kwa safari unahitaji hesabu ya uchovu wa chuma.