Unakoroma? Anza kwa kusikiliza ukimya

Mtaani anayekoroma huhesabiwa kuwa amelala fofofo. Wakati mwingine ni kinyume chake. Usingizi ukikolea, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma, na hewa inayojipenyeza hutikisa kaakaa laini na kimeo. Njia ikibana kidogo tu, anayeteseka ni mwenzako wa kitandani. Ikiziba kabisa, pumzi hukatika, oksijeni kwenye damu hushuka, na ubongo hukugutusha sekunde chache uvute hewa, kisha unalala tena bila kujua. Hali hiyo ikijirudia usiku kucha, utaamka kama uliyekesha msibani.

Kwa hiyo usijali sana ukubwa wa kelele. Sikiliza kimya kinachofuata. Rekodi kwa simu usiku tatu, angalau mmoja bila pombe. Iweke kwenye stuli karibu na kichwa, mbali na upepo wa feni, la sivyo asubuhi utasikia feni tupu. Iweke kwenye hali ya ndege (airplane mode) ili wanaopiga usiku wasikate rekodi. Mkoromo wa mfululizo usiokatika hauna hatari kubwa. Mkoromo, kisha kimya cha sekunde 10 au zaidi, kisha mvuto wa ghafla kama wa aliyepaliwa: hapo pumzi inakatika. Wataalamu huhesabu mikatiko kwa saa: kwa mtu mzima, 5 hadi 14 ni tatizo dogo, 15 hadi 29 la kati, 30 na kuendelea ni kubwa. Simu haiwezi kukupa hesabu hiyo kwa sababu haipimi oksijeni, lakini rekodi yake humsaidia daktari.

Sasa chukua futi ya fundi cherehani, upime shingo chini kidogo ya kikoromeo. Jipe alama moja kwa kila jibu la ndiyo: shingo inazidi sentimita 40, mkoromo unasikika chumba cha pili, unachoka mchana, mtu ameshuhudia pumzi ikikatika, una presha, uwiano wa uzito na urefu (BMI: kilo zako ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) unazidi 35, una zaidi ya miaka 50, wewe ni mwanamume. Alama 3 zinatosha kwenda hospitali, 5 usicheleweshe. Dereva wa daladala, lori au bodaboda anayesinzia kwenye foleni asihesabu alama, aende tu.

Pumzi inayokatika kila usiku huchangia presha isiyosikia dawa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na kiharusi. Dalili nyingine huwapotosha watu: kichwa kuuma asubuhi, na kuamka kukojoa mara mbili tatu. Wengi hudhani ni sukari au tezi dume, nayo yafaa kupimwa, lakini moyo unaovutwa na kifua kinachohangaika kutafuta hewa hutoa homoni inayoamuru figo kumwaga maji.

Nyumbani, anza na ubavu, kwa kuwa ukilala chali ulimi huanguka nyuma. Mwombe fundi ashone mfuko mgongoni mwa fulana ya kubana, katikati ya mabega, utie mpira wa tenisi. Fulana ikipwaya, mpira huzunguka hadi tumboni na kazi imeisha. Kichwa kiinue sentimita 10 hadi 15 kwa kuweka tofali la inchi 5, lililolazwa, chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwani. Usirundike mito: kidevu huangukia kifuani na koo hujikunja zaidi. Pombe iishe muda wa saa 4 kabla ya kulala, maana huongeza ulegevu wa koo. Dawa za usingizi pia huuongeza, ila kama umeandikiwa na daktari usiziache bila kumuuliza.

Pua ikiziba, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi na mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa, usafishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maji ya bombani yasiyochemshwa, hapana. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5. Ukizidisha, pua huziba kuliko mwanzo. Futa pia mapanga ya feni na ufue chandarua, vumbi lake unalivuta usiku mzima. Kwa mwenye kilo 90, kupunguza 9 mara nyingi huleta nafuu inayosikika.

Kukata kimeo mtaani hakutibu. Koo huziba nyuma ya ulimi pia, na wembe huleta damu isiyokatika na maambukizi.

Mtoto anayekoroma karibu kila usiku na kulala mdomo wazi asisubiri mpira wa tenisi. Kwake mara nyingi ni mafindofindo yaliyovimba, na mchana hachoki kama mtu mzima, bali hatulii darasani. Mjamzito aliyeanza kukoroma, akivimba uso na kuumwa kichwa, apimwe presha siku hiyohiyo.

Anza hospitali ya karibu, uombe rufaa ya idara ya masikio, pua na koo, kama ile ya Muhimbili. Tatizo likiwa kubwa utashauriwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Haiponyi, hufanya kazi usiku unapoivaa tu. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini, maana jasho na mafuta ya uso huifanya ivujishe hewa, na kwa joto la Dar huanza kuvuja mapema. Kabla ya kununua, uliza kama mashine inakubali betri, kwa usiku ambao umeme umekatika.